Nukta ya buluu pale Birere: simu inajuaje iko wapi

Simama Birere, mtaa wa Goma ulio karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Kongo na Rwanda, ukiwa na simu yenye laini ya Kongo. Si ajabu kupata ujumbe wa kukukaribisha Rwanda, pamoja na bei za kupiga simu ukiwa ugenini, ilhali hujavuka hata hatua moja na kitambulisho chako hakijatoka mfukoni. Sasa fungua ramani. Nukta ya buluu inakuweka upande wa Goma, tena kwenye barabara ileile uliyosimama. Simu ni moja, dakika ni ileile, majibu ni mawili.

Hakuna jibu la uongo hapo. Simu ina njia kadhaa za kujua iko wapi, na kila njia inajibu swali lake. Ujumbe wa makaribisho umetokana na swali la mnara gani umeishika simu. Nukta imetokana na swali la umbali kati ya simu na satelite zilizo juu yake. Wengi wetu tunazichanganya njia hizi na kuziita zote GPS, na hapo ndipo zinapozaliwa hofu zisizo na msingi na pia imani zisizo na msingi, kama ile ya kumlipa kijana dola kumi ili "aangalie kwenye satelite" simu yako iliyoibwa iko wapi.

Kwanza kabisa, satelite ya GPS haikuoni. Haipokei chochote kutoka kwenye simu yako, na haijui kama kuna mji unaoitwa Goma. Kazi yake ni kutangaza mfululizo, usiku na mchana: mimi ni namba fulani, njia yangu angani ni hii, na saa yangu sasa hivi inasema hivi. Simu inasikiliza, basi. Hata watu wote wa Kivu wakifungua ramani kwa mara moja, satelite haitahisi tofauti yoyote.

Mfumo wa GPS ni wa jeshi la Marekani. Satelite ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ulitangazwa kuwa kamili mwaka 1995. Kwa miaka mingi raia walipewa mawimbi yaliyopunguzwa usahihi kwa makusudi, kiasi kwamba kosa lilifika hata mita 100; Rais Bill Clinton aliamuru hilo likome mwanzoni mwa Mei 2000. Leo satelite zinazofanya kazi ni kama 30, kila moja ikiwa kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na kila moja huizunguka dunia karibu mara mbili kwa siku. Urusi ina mfumo wake, GLONASS, Umoja wa Ulaya una Galileo, China ina BeiDou. Hata simu ya bei nafuu inayouzwa Birere leo kwa kawaida inasikiliza zaidi ya mfumo mmoja.

Lakini matangazo yanageukaje kuwa mahali? Hapa inafaa kwenda polepole, maana ukielewa kipande hiki mengine yote yanafuata.

Chukua mvuvi aliye kwenye mtumbwi ziwani Kivu, usiku wenye ukungu. Haoni taa hata moja. Anajua kwamba kengele ya Goma na kengele ya Gisenyi, upande wa Rwanda, zote hupigwa saa sita kamili, na ana saa mkononi. Kengele ya Goma inamfikia sekunde 6 baada ya saa sita. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo yuko kilomita 2 hivi kutoka kengele hiyo. Upande gani, hajui. Yuko mahali fulani kwenye duara la kilomita 2 linaloizunguka. Ya Gisenyi inamfikia baada ya sekunde 9, yaani kilomita 3 hivi. Maduara mawili hukatana sehemu mbili. Moja iko majini, nyingine iko nchi kavu katikati ya nyumba za watu, na kwa kuwa amekalia mtumbwi anaitupa hiyo ya nchi kavu. Amejipata.

Amejipata ikiwa saa yake ni sahihi. Tuseme iko mbele kwa sekunde 2. Atahesabu 8 badala ya 6, na 11 badala ya 9. Umbali wote utazidi kwa karibu mita 700, maduara bado yatakatana vizuri, na atapata mahali panapoonekana pa kweli kumbe si pa kweli. Hakuna kitakachomwonya. Mwongezee sasa kengele ya tatu, ya Kituku. Duara la tatu halitapita pale mawili yalipokatana. Hapo anajua saa yake ina hitilafu, na zaidi ya kujua, anaweza kuirekebisha: anatafuta ni sekunde ngapi apunguze kwenye hesabu zote kwa pamoja hadi maduara matatu yapite sehemu moja. Hesabu hiyo moja inampa mahali alipo na saa sahihi kwa mpigo.

Simu hufanya hivyohivyo, ila angani hakuna uso wa ziwa, kwa hiyo badala ya maduara kuna matufe. Satelite tatu zingetosha kupata mahali kama saa ya simu ingekuwa kamili. Si kamili hata kidogo. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, yaani mikrosekunde moja, ni kosa la mita 300. Saa ya ndani ya simu haikaribii usahihi huo. Ndiyo maana inahitajika satelite ya nne, ambayo kazi yake hasa ni kufichua kosa la saa. Satelite zenyewe hubeba saa za atomi, na kila simu inayojua iko wapi inakuwa imeazima saa hizo bila malipo. Minara mingi ya simu nayo huchukua saa yake kutoka GPS, jambo ambalo watu wachache hulifikiria.

Saa hizo za juu zilikuwa na tatizo lililotabiriwa na Einstein kabla ya kuwapo roketi ya kuzipeleka huko. Mvuto wa dunia ni hafifu kule juu, kwa hiyo saa hukimbia zaidi ya zetu kwa mikrosekunde 45 kwa siku. Mwendo wa kasi wa satelite nao huzichelewesha kwa mikrosekunde 7. Inabaki 38. Zidisha kwa mwendo wa mwanga, unapata zaidi ya kilomita 11, kila siku ya Mungu. Waliounda mfumo walizipunguza saa hizo mwendo zikiwa bado ardhini, ili zikifika juu zisomeke kama za huku chini.

Tatizo linalotuhusu zaidi sisi ni unyonge wa mawimbi. Yakifika chini ni hafifu kuliko kelele za redio zilizotuzunguka. Satelite zote za GPS hutumia masafa yaleyale, megahezi 1575.42, na kila moja ina mpangilio wake wa alama 1,023 unaorudiwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Simu imehifadhi mipangilio yote. Inachukua nakala yake, inaisogeza mbele na nyuma juu ya kelele inazopokea, hadi inapolingana na kitu. Inaweza kusikia kisichosikika kwa sababu inajua tayari inatafuta nini, na kiasi ilichosogeza nakala ndicho kinachoonyesha mawimbi yamechukua muda gani njiani.

Unyonge huo ndio unaoeleza kwa nini nukta hucheza ukiwa ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za Goma ni mbao juu ya mawe ya lava, na mabati juu. Mawimbi haya hayapiti kwenye bati. Kwenye ubao yanapita. Basi simu iliyo sebuleni hufungiwa satelite zote nzuri zilizo utosini, ikabaki na zile za pembeni zinazoingia kupitia kuta, tena nyingine zikiwa zimegonga kwanza bati la jirani. Wimbi lililogonga na kurudi limesafiri njia ndefu zaidi, na simu haijui hilo. Inahesabu umbali uliozidi, na nukta inakwenda kukaa kwenye parseli ya watu wengine. Kabla ya kumtumia motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, mahali ulipo kwa WhatsApp, toka uani, subiri duara la buluu linaloizunguka nukta lipungue, ndipo utume. Utajiokoa na simu tatu za "niko hapa kwenye geti jekundu, wewe uko wapi?"

Nje, Goma ina anga nzuri kwa kazi hii. Tuko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na satelite hupita pande zote za anga letu. Volkano ya Nyiragongo yenyewe, na mita zake 3,470, ukiitazama kutoka katikati ya mji inaziba nyuzi chache tu za upeo wa kaskazini. Mtu wa Bukavu aliye chini ya mteremko mkali ana shida zaidi, kwa kuwa kilima kinaweza kumla kipande kizima cha anga.

Je, GPS inakula mega, yaani data ya intaneti? Haili. Swali hili linaulizwa sana na lina haki ya kuulizwa, kwa sababu ramani inakula. Ramani ni picha zinazoshushwa kutoka intaneti. Nukta haitoki intaneti. Ukishusha ramani ya Goma na Masisi mapema, ukiwa kwenye Wi-Fi ya mtu mwema, utasafiri bila mega na nukta itaendelea kutembea juu yake. Kuna sehemu moja tu ambapo intaneti inaharakisha mambo. Satelite hutuma maelezo ya njia yake kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde, polepole mno kwa viwango vya leo. Kupata maelezo ya satelite moja kunachukua kama sekunde 30, na orodha ya satelite zote inachukua dakika 12 na nusu. Simu yenye mtandao huomba maelezo hayo kwa njia ya intaneti na kuyapata papo hapo, kwa data ndogo sana. Isiyo na mtandao italazimika kuyasubiri kutoka juu. Simu iliyozimwa wiki nzima ikawashwa mahali pasipo na rezo (mtandao wa simu) haijaharibika ikikaa kimya kwanza. Iweke peupe, iache itulie.

Sasa hilo duara la buluu hafifu linaloizunguka nukta. Watu hulichukua kama pambo, na mimi naona ndiyo sehemu ya maana kuliko nukta yenyewe. Duara linasema: nadhani uko mahali fulani humu. Kwenye simu za Android, kwa maelezo ya Google wenyewe, nusu kipenyo chake hupimwa ili uwezekano wa wewe kuwa ndani uwe asilimia 68. Maana yake, karibu mara moja kati ya tatu uko nje ya duara, na hakuna aliyekudanganya. Chini ya anga wazi simu ya kawaida hukosea mita 5 hivi. Kwa urefu kutoka usawa wa bahari hukosea zaidi, kwa sababu satelite zote ziko juu yako na hakuna hata moja chini ya miguu yako ya kusahihisha upande wa pili.

Sehemu kubwa ya kosa linalobaki hutoka kwenye ionosfera, tabaka la juu la hewa ambalo jua hulichaji umeme na ambalo huchelewesha mawimbi yanapopita. Ukanda wetu wa ikweta ndio wenye ionosfera nene na yenye fujo zaidi duniani, hasa saa za mwanzo baada ya jua kuzama. Kuna dawa. Ionosfera huchelewesha masafa tofauti kwa viwango tofauti, kwa hiyo simu inayopokea masafa mawili inaweza kulinganisha, ikajua ucheleweshaji ni kiasi gani na kuutoa kwenye hesabu. Simu ya kwanza ya kawaida yenye uwezo huo ilikuwa Xiaomi Mi 8 ya mwaka 2018. Tangu hapo uwezo huo umeshuka hadi simu za bei ya kati.

Kwa wanaotaka kujua mfumo huu unaweza kufika wapi, mfano uko hapahapa mjini. Kituo cha Volkano cha Goma, OVG, na washirika wake wa Ulaya wamefunga vipokezi vya satelite ardhini kuzunguka Nyiragongo na Nyamulagira. Hivi havitembei kamwe. Vinasikiliza mfululizo, vinapima hadi sehemu ndogo ya wimbi lenyewe, na kwa kukusanya vipimo vya muda mrefu vinatambua ardhi ikisogea kwa milimita. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, vipimo vya aina hii pamoja na picha za rada kutoka satelite nyingine ndivyo vilivyoonyesha kwamba magma ilikuwa ikisafiri chini ya mji kuelekea chini ya ziwa. Watu waliondolewa mjini tarehe 27. Mawimbi ni yaleyale yanayomleta motari hadi mlangoni kwako. Tofauti iko kwenye antena, muda na hesabu.

Tushuke kwenye minara.

Kila mnara wa simu hujitaja kwa namba. Ndani yake kuna namba ya nchi: 630 ni Kongo, 635 ni Rwanda. Simu inapotafuta rezo huangalia kwanza kampuni yake ya nyumbani, na ikikosa au ikaipata dhaifu mno, hushika mwingine unaoruhusiwa. Wimbi la redio halisimami barrière kuonyesha jeton, ile karatasi ya kuvukia mpaka. Mnara wa Gisenyi unamulika Birere kama unavyomulika mtaa wake, na ndiyo sababu watu wengi wa Goma wanaoishi karibu na mpaka wana laini ya Rwanda inayofanya kazi sebuleni kwao. Kwa mnara, wewe uko Rwanda kwa maana ya kwamba Rwanda ndiyo iliyokushika.

Kampuni ya simu inajua hivyo bila GPS yoyote, na haina budi kujua, vinginevyo mtu akikupigia wangekutafuta wapi? Hili linahusu hata simu ndogo ya vitufe isiyo na ramani. Usahihi wake unategemea minara imepangwa vipi. Mnara mmoja kwa kawaida huwa na nyuso tatu, kila uso ukihudumia theluthi ya mzunguko, na mtandao hupima pia mawimbi yanachukua muda gani kufika, ili simu zisigongane. Kwa 2G kipimo hicho huenda kwa hatua za mita 550 hivi, kwa 4G mita 78 hivi. Katikati ya mji, palipo na minara mingi, unaweza kubainishwa ndani ya mitaa michache. Ukiwa njia ya Walikale, ambako mnara mmoja hubeba vilima vingi, jibu linaweza kuwa eneo la kilomita kadhaa.

Kongo ina saa mbili, hilo tunalijua: Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Simu inayopanga saa yenyewe wakati mwingine hukosea hapo. Ukitaka kuipanga kwa mkono usitafute Goma kwenye orodha, mara nyingi haipo. Chagua Lubumbashi.

Njia ya tatu ndiyo inayoshangaza watu, nayo ni Wi-Fi. Kila ruta hutangaza namba yake ya kipekee, hata kwa asiyejua neno la siri. Simu zinazopita karibu, zikiwa na GPS na zimeruhusiwa, huripoti kwa Google au Apple kwamba ruta namba fulani ilisikika mahali fulani. Ripoti zikiwa nyingi, kampuni hizo zinajua kila ruta inakaa wapi bila kufika Katindo wala Himbi. Baadaye simu yako iliyo ndani ya ofisi, isiyoona anga kabisa, huorodhesha ruta inazosikia, huuliza, na kupata jibu la mita 20 au 30. Hukuunganishwa na ruta yoyote. Kusikia namba yake kunatosha.

Njia hii ina kichekesho chake. Ruta ikihama, rekodi hubaki nyuma. Mtu akinunua ruta iliyotumika Kampala akaifunga Kyeshero, simu iliyo peke yake na ruta hiyo inaweza kusema iko Kampala, hadi simu za kutosha zipite na kusahihisha. Na asiyetaka ruta yake iorodheshwe anaweza kumalizia jina lake na "_nomap". Google huheshimu alama hiyo, na Apple nao walianza kuiheshimu mwaka 2024.

Anwani ya intaneti ni dhaifu kuliko zote. Tovuti inayokisia mahali ulipo kwa anwani hiyo inaweza kukuweka Kinshasa au hata nchi nyingine, kutegemea data yako inapitia wapi kabla ya kuingia dunia pana. Tangazo la duka la Gombe, kule Kinshasa, likikujia ukiwa Ndosho hapa Goma, hakuna aliyekufuatilia. Amekukosa.

Simu pia ina vihisio vya kujua mwendo, mgeuko na mwelekeo. Hivi havitoi mahali, huziba mapengo: ukiingia chini ya paa, simu hukadiria umekwenda hatua ngapi na kuelekea wapi. Dira ndiyo ya kutiliwa shaka hapa kwetu. Inapima sumaku ya dunia, na mawe ya lava yana chuma chenye sumaku yake yenyewe. Mahali palipojaa lava, kama mitaa iliyojengwa juu ya mtiririko wa mwaka 2002, ile pembe ya mwanga inayotoka kwenye nukta inaweza kuelekea kusiko. Tembea hatua kumi na simu itajua unaelekea wapi kwa kulinganisha mahali na mahali, bila kuitegemea dira.

Njia hizi zote zinaweza kuharibiwa na mtu. Kwa kuwa mawimbi ya satelite ni manyonge, mtambo mdogo ulio karibu unaweza kuyafunika kwa kelele, na mtambo wenye akili zaidi unaweza kutangaza satelite bandia zinazoipa simu au ndege mahali pasipo pake. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliripoti mambo yote mawili, kuvurugwa na kughushiwa kwa mawimbi ya GPS, katika Kivu Kaskazini, na hatari yake kwa ndege zikiwemo za misaada. Kwa mwenye simu, dalili ni nukta inayoruka kilomita kadhaa ghafla ukiwa peupe, au inayogoma kabisa wakati rezo ni nzima. Hapo minara na Wi-Fi, ambazo kwa kawaida ni za mwisho kwa usahihi, zinaweza kuwa za kuaminika kuliko satelite.

Limebaki swali ambalo watu hulibeba chini ya maswali mengine yote: nani mwingine anajua nilipo? Ligawe vipande. Satelite haijui. Kampuni ya simu inajua mnara wako, au angalau kundi la minara iliyo karibu nawe, muda wote simu imewaka na ina laini, hata ukizima GPS. Programu ulizoziruhusu zinajua kile ulichoziruhusu, na hapa inafaa kuingia kwenye mipangilio ukazitazama moja moja. Programu ya tochi haina sababu ya kujua unalala wapi. Mtu uliyemtumia mahali kwa WhatsApp anajua pointi ile moja tu, lakini ukichagua mahali pa moja kwa moja, atakuona ukitembea kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, kadiri ulivyochagua. Motari anahitaji dakika 15. Dada yako anayekusubiri ufike Sake anaweza kupewa saa 1.

Na simu iliyoibwa? Ili ionekane kwenye ramani ya Google au Apple, kwa kawaida inapaswa iwe imewaka, ina intaneti, na akaunti yako bado imo ndani. Baadhi ya simu mpya hupiga Bluetooth hata zikiwa zimezimwa, na simu za wapita njia huripoti zilipozisikia. Mwizi akishatoa laini na kuzima simu ya kawaida, haisemi kitu kwa yeyote, na hakuna wa kuisikia. Akiiwasha na laini nyingine, mtandao unaona IMEI, namba ya kipekee ya simu yenyewe, kwenye mnara fulani, na anayeiona hivyo ni kampuni ya simu peke yake. Kijana mwenye kompyuta pale Birere hana mnara wala satelite. Muulize anatumia njia ipi kati ya hizi kabla hujatoa dola. Na kabla simu haijaibwa, bonyeza *#06#, namba ya IMEI itatokea. Iandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani.